dd: Amri ya herufi mbili ambayo haikuulizi kitu

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinizidi. Leo nimerudi na hadithi ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai yako uketi.

Juzi rafiki yangu alinunua diski ya SSD ya gigabaiti 500 aiweke kwenye laptopu yake ya zamani inayotumia Linux. Hakutaka kusakinisha kila kitu upya. Alitaka diski mpya iwe pacha wa ile ya zamani: programu zilezile, nywila zilezile, hata picha ya mandhari ileile. Akaniuliza, "Ni programu gani ya kununua?" Nikamwambia hakuna cha kununua, tayari unayo. Inaitwa dd, ina herufi mbili tu, na ina umri wa zaidi ya miaka 50. Akacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu mimi na amri hiyo tuna kesi ya zamani.

Nilisoma sayansi ya kompyuta chuo kikuu miaka minne na sikumbuki mhadhiri hata mmoja akitueleza amri hizi zilitoka wapi. Tulifundishwa kuziandika, tukapita mtihani, basi. Naamini kama ningejua dd ilizaliwa kwa kazi gani, huenda nisingemtia mjomba wangu hasara. Nitafika huko. Kwanza historia.

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza familia ya mitambo mikubwa iliyoitwa System/360. Enzi hizo hukuwa unaketi mbele ya kioo ukabofya. Kazi yako uliitoboa kwenye kadi za karatasi ngumu, kila kadi ikibeba herufi 80, kisha ukamkabidhi mhudumu wa mtambo bunda zima na kwenda kungoja. Ndani ya bunda hilo uliweka pia kadi za maelekezo, zilizoandikwa kwa lugha iliyoitwa JCL. Moja ya kadi hizo iliitwa DD. Kazi yake ilikuwa kuuambia mtambo data itoke kwenye kanda au diski gani, imekatwa vipande vya ukubwa gani, na matokeo yawekwe wapi. Kadi zenyewe zilijaa alama ya usawa: hiki = kile, kile = hiki.

Miaka mitano baadaye, 1969, katika maabara ya Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kujenga Unix. Tabia yake ilikuwa tofauti kabisa na ya IBM. Amri zilikuwa fupi: ls, cp, mv, rm. Ukitaka kuibadilisha amri kidogo, uliongeza kistari na herufi. Na nyuma ya hayo yote kulikuwa na wazo moja kubwa: karibu kila kitu ni faili. Barua uliyoandika ni faili. Kanda ya sumaku ni faili. Printa ni faili. Diski nzima, pamoja na kila kilichomo, nayo ni faili iliyoko ndani ya saraka ya /dev. Programu ikijua kusoma faili na kuandika faili, basi inaweza kuzungumza na chombo chochote kilichounganishwa na kompyuta.

Lakini Unix haikuishi kisiwani. Data nyingi za dunia zilikuwa kwenye kanda za IBM, na IBM iliandika herufi kwa mpangilio wake wenyewe ulioitwa EBCDIC, ilhali Unix ilitumia ASCII. Kwa ASCII herufi A ni namba 65. Kwa EBCDIC ni 193. Kwa hivyo ukichukua kanda ya IBM na kuisoma moja kwa moja kwenye Unix, unapata takataka tupu.

Ndipo mwaka 1974, katika toleo la 5 la Unix, ikatokea amri ya dd. Ilichukua data upande mmoja, ikaikata vipande vya ukubwa uliotaka, ikatafsiri herufi ikibidi, kisha ikaimwaga upande wa pili. Ritchie mwenyewe alieleza kwamba jina lilitokana na ile kadi ya DD ya IBM. Sasa unaelewa kwa nini dd haifanani na ndugu zake. Wenzake hutumia vistari, yeye hutumia alama ya usawa kama zile kadi za IBM. Ni kama mgeni aliyehamia kijijini, akaoa na kuzaa huko, lakini hadi leo anazungumza kwa lafudhi ya kwao.

Kama huamini, fungua kompyuta yako ya Linux sasa hivi uandike:

echo A | dd conv=ebcdic 2>/dev/null | od -An -tu1

Utaona 193, na baada yake namba ya mwisho wa mstari. Mtafsiri wa kanda za IBM bado yumo ndani ya mashine yako, anangoja kazi ambayo pengine hutawahi kumpa.

Kunakili diski nzima kwa dd ni zawadi iliyotokana na lile wazo kwamba kila kitu ni faili. dd haijali kama inasoma kanda, diski au barua. Unaiambia tu:

dd if=/dev/sda of=/dev/sdb bs=4M status=progress

if ni faili inayosomwa, of ni faili inayoandikwa. bs ni ukubwa wa kila kipande. Usipoitaja, dd hubeba baiti 512 kwa safari moja, na hapo utangoja hadi kesho. status=progress hukuonyesha imefika wapi, na hiyo ni nyongeza ya juzi tu, mwaka 2015. Kabla ya hapo dd ilifanya kazi kimyakimya hadi imalize.

Uzuri wake ni kwamba haielewi kitu. Haijui Windows ni nini, haijui Linux ni nini, haijui faili iliyofutwa na isiyofutwa. Inabeba kila baiti, kuanzia sehemu inayowasha kompyuta hadi nafasi tupu ya mwisho. Kwa hivyo nakala inakuwa pacha kamili. Ubaya wake ni huohuo. Ukiwa na diski ya gigabaiti 1000 yenye data ya gigabaiti 40, itabeba zote 1000. Na kama haielewi kilichomo ndani ya diski, itajuaje kwamba ile unayotaka kuiandikia ina kitu cha maana?

Haya, sasa kesi yangu.

Miaka mitano iliyopita, nikiwa nimetoka tu chuoni na kujiona mtaalamu, mjomba wangu mwenye duka la pembejeo za kilimo kule Nakuru aliniita. Kompyuta yake, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiwekea Linux, ilikuwa imeanza kutoa mlio wa kukwaruza. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za madeni ya miaka mitatu: nani alichukua mbolea, nani alilipa nusu, nani aliahidi kulipa baada ya mavuno. Nikanunua diski mpya, nikaiunganisha, nikawasha kompyuta kwa flashi, nikaandika amri ile niliyokuwa nimeizoea. Kutoka sda kwenda sdb. Nikabonyeza Enter na kwenda kunywa chai na shangazi.

Siku hiyo Linux ilikuwa imeipa diski mpya jina la sda, na ile ya zamani sdb.

Hapa pia kuna historia. Zamani, diski za waya mpana wa IDE ziliitwa hda, hdb na kuendelea, na jina lilifuata mahali diski ilipochomekwa. hda ilikuwa diski ya kwanza ya waya wa kwanza, jana, leo na kesho. Kufikia mwaka 2007 hivi, kiini cha Linux kilianza kuzipa hata diski hizo majina ya sda na sdb, na majina haya hufuata mpangilio ambao diski zimegunduliwa. Chomeka flashi, ongeza diski, badilisha tundu, na majina yanaweza kuhama. Nilikuwa nimekariri jina nikadhani ni anwani.

Niliporudi, dd ilikuwa imemaliza bila kosa lolote. Ilikuwa imechukua utupu wa diski mpya ikaumwaga juu ya madeni ya miaka mitatu. Kama ningeikatiza katika dakika za kwanza, data iliyokuwa mbele zaidi kwenye diski ingeweza kuokolewa kwa programu za kuokoa faili. Lakini ilikuwa imefika mwisho.

Mjomba hakunigombeza. Alitazama kioo, akanitazama mimi, akauliza, "Sasa mpwa wangu, hiyo mashine haikukuuliza hata mara moja kama una hakika?"

Nikamwambia, "La, mjomba. Haikuuliza."

Tulikaa wiki nyingi tukijenga upya yale madeni kutoka kwa vitabu vya risiti na ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake. Wateja wengine walikuja wenyewe wakasema wanadaiwa kiasi gani, Mungu awabariki. Wengine walinyamaza, na mjomba hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Kiasi alichopoteza hakuwahi kuniambia.

Swali lake ndilo lililonipeleka kwenye historia, na huko nikakuta siko peke yangu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, amesimulia kwamba wakati Linux ikiwa bado changa, alitaka kompyuta yake ipige simu chuoni kupitia modemu. Kwa bahati mbaya maelekezo ya kupiga simu aliyaelekeza kwenye diski badala ya modemu. Kompyuta ikaandika namba za simu juu ya diski yake, ikaharibu sehemu iliyokuwa na Minix, mfumo aliokuwa akiutegemea kujengea Linux. Badala ya kuisakinisha Minix tena, aliamua kuhamia Linux moja kwa moja. Ona sababu: modemu ni faili, diski ni faili, na Unix haiulizi. Wazo lilelile linalofanya kunakili diski kuwe mstari mmoja ndilo linalofanya ajali iwe mstari mmoja.

Nilipolijua hilo, nikaanza kuona kwamba programu nyingi za nakala zilizokuja baadaye zimejaribu kujibu swali la mjomba, kila moja kwa njia yake.

tar ilikuja mapema, katika toleo la 7 la Unix mwaka 1979. Jina lake linahusu kanda, lakini yenyewe haibebi chombo kizima. Inabeba faili pamoja na majina yao, wenyewe na tarehe. Kwa hivyo unaweza kurudisha barua moja bila kurudisha dunia nzima. Kama madeni ya mjomba yangekuwa kwenye kifurushi cha tar ndani ya flashi ya shilingi mia chache, hadithi hii isingekuwepo.

Kunakili diski kwa akili zaidi kulitoka mbali, New Zealand. Mwaka 1995 Murray Haszard alitengeneza Ghost, programu iliyoelewa mpangilio wa diski na kubeba sehemu zenye data tu. Symantec iliinunua mwaka 1998. Wanaokumbuka saiba za mjini wanaijua: unatayarisha kompyuta moja vizuri, kisha unazigeuza nyingine zote kuwa kama hiyo. Lakini ilikuwa ya kulipia. Upande wa programu huria alikuja François Dupoux na Partimage, kisha kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa cha Taiwan kikatoa Clonezilla. Hii hubeba sehemu zilizotumika tu pale inapoelewa mpangilio wa diski, na isipouelewa inarudi kwenye mtindo wa dd. Na kabla ya kuandika juu ya diski inakuuliza kama una hakika. Kisha inakuuliza tena! Watu hulalamika kwamba inachosha. Mimi silalamiki.

Kwa diski inayokufa, kama ile iliyokuwa ikikwaruza, kuna ddrescue ya Antonio Díaz Díaz, iliyoanza mwaka 2004. dd ya kawaida ikikutana na sehemu isiyosomeka husimama hapohapo. ddrescue huiruka, huokoa kwanza sehemu nzima nzima, huandika ramani ya palipobaki, kisha hurudi kwenye vidonda polepole. Na ukiielekeza iandike juu ya diski nzima, inakataa mpaka uongeze neno la kuilazimisha. Hiyo ndiyo amri niliyopaswa kuitumia Nakuru, kwa sababu mbili zote.

Kisha kuna rsync. Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia waliitangaza mwaka 1996. Inaikata faili vipande, inapiga hesabu ya kila kipande pande zote mbili, halafu inatuma vile vilivyobadilika tu. Ilikusudiwa mikondo ya mwendo wa kobe. Mwaka huohuo Torvalds alitania kwamba kuweka nakala kwenye kanda ni kwa wanyonge. Wanaume huweka kazi yao kwenye seva ya FTP na kuiacha dunia nzima iinakili. Ni utani mzuri ukiwa Finland. Hapa kwetu, hadi nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, na kupandisha gigabaiti nzima kulikuwa kujitafutia umaskini. Leo mambo ni tofauti, na rsync inafanya nakala ya kila usiku kwenda seva ya mbali iwe jambo la dakika chache.

Je, basi swali limejibiwa? Hapana. Mwaka 1998 Pixar walipokuwa wakitengeneza filamu ya Toy Story 2, mtu fulani aliendesha amri ya kufuta mahali pasipofaa, na sehemu kubwa sana ya filamu ikatoweka. Walipokimbilia nakala, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa, na hakuna aliyekuwa amegundua. Waliokolewa na Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga na hivyo alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani. Tarehe 31 Januari 2017, huko GitLab, mhandisi alifuta data kwenye seva aliyodhani ni nyingine. Walikuwa na mbinu 5 za nakala. Hakuna iliyofanya kazi ilivyotarajiwa. Picha ya data iliyokuwa imechukuliwa saa 6 kabla, tena kwa shughuli nyingine, ndiyo iliyowainua.

Hawa si wanafunzi. Ni watu waliokuwa na nakala, au walioamini wanazo. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni mazoea ya kuzifungua. Programu inaweza kukuuliza mara mbili kabla ya kufuta, lakini hakuna inayokuuliza, "Ile nakala ya mwezi jana, umewahi kuirudisha uone kama inafunguka?"

Kwa hivyo rafiki yangu mwenye SSD nilimkalisha chini, tukafanya hivi.

Kwanza tuliandika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL tukalinganisha namba za diski na zile zilizobandikwa kwenye diski zenyewe. Pili, hatukutumia sda wala sdb. Tulitumia majina marefu yaliyo ndani ya /dev/disk/by-id, yanayobeba jina na namba ya diski yenyewe, na hayahami hata ukibadilisha tundu. Tatu, tuliwasha kompyuta kwa flashi, kwa sababu diski inayotumika hubadilika wakati unainakili na nakala hutoka na kichwa cha leo na miguu ya jana. Nne, nilimwambia aisome amri kwa sauti kabla ya Enter: "Kutoka diski hii, kwenda diski ile." Alicheka tena, lakini akaisoma. Tano, dd ilipomaliza tulilinganisha diski mbili kwa amri ya cmp, baiti kwa baiti, hadi mwisho wa ile ndogo. Mwisho tukachomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha kwa mpya, kwa sababu pacha hawa hubeba namba ileile ya utambulisho, UUID, na Linux ikiwaona wote wawili inaweza kushika asiye wake. Diski ya zamani ameifunga kwenye bahasha na kuiweka kabatini.

Na mjomba? Duka lipo, madeni yapo. Kila usiku rsync inapeleka kumbukumbu zake kwenye diski ya pili na kwenye seva ya mbali. Nilipomweleza nilidhani atafurahi. Akaniuliza, "Na umezifungua?" Siku hizi kila nikimtembelea, kabla ya chai, ananitaka nirudishe faili moja kutoka kwenye nakala, mteja yeyote anayemchagua yeye, na nimwonyeshe deni lake kwenye kioo. Analisoma mwenyewe, analilinganisha na kitabu, kisha ndipo shangazi analeta vikombe.

Haya, nimesema vya kutosha. Kabla hujafunga ukurasa huu, nenda kafungue nakala yako moja uone kama inafunguka. Tuonane tena!